Supu ya Vichwa kwa Tahiya

Jumatatu, 5 Mei
Dada yangu Mwanakheir analia. Bintiye Tahiya yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Ijumaa mwalimu wake, Bi Riyama, atamsikiliza akisoma. Akishindwa, huenda akarudishwa darasa la kwanza, akae na mdogo wake. Aibu! Nikamwambia dada atulie, mjomba nipo. Kichwa hulishwa kichwa. Kesho alfajiri naenda Mkokotoni kwa wavuvi, kununua vichwa vya samaki.

Jumanne, 6 Mei
Supu imeiva. Ngazi zote za jumba letu hapa Michenzani zanuka. Mbarouk, mwenye duka la chini, kauliza kuna nini kimeoza. Hasidi! Tahiya kanywa bakuli zima, maskini, bila kulalamika. Kisha nikamsomea hadithi ya sungura, tena na tena, naye akifuatisha.

Alhamisi, 8 Mei
Ajabu! Tahiya anasoma ukurasa mzima wa sungura, mbio, hata kituo hakosi. Nimewaita majirani wote. Hata Mbarouk kapanda kusikiliza. Raha iliyoje!

Ijumaa, 9 Mei
Balaa. Bi Riyama alifungua ukurasa wa kobe. Tahiya akasoma sungura, kwa sauti nzuri kabisa. Kumbe kahifadhi, kama anavyohifadhi sura za Kurani chuoni! Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Riyama hakucheka. Alisema mtoto anayehifadhi namna hiyo si mjinga. Ubongo huzaliwa tayari kwa kusema, lakini kusoma hauzaliwi nako. Lazima ujenge njia ya kuunga herufi za machoni na sauti za masikioni, na kwa baadhi ya watoto njia hiyo hujengeka polepole. Basi harudishwi. Atamfundisha mwenyewe kila jioni, sauti moja moja, wakipiga makofi kwa kila silabi. Mwanamke gani huyu! Nikamwamkia shikamoo, na umri namzidi.

Alhamisi, 26 Juni
Tahiya kasimama mbele ya kibao kipya cha Mbarouk. Akapiga makofi. M-che-le. U-po. Mchele upo! Hakuna aliyemsomea. Taratibu, jasho likimtoka, lakini kasoma mwenyewe. Nimelia mbele za watu, Mbarouk akanipa kitambaa. Mtoto shujaa huyu, na Bi Riyama Mungu amlipe kheri.

Lakini tuseme kweli, supu ilichelewa tu kufika. Na kama kazi ni kuunga njia, basi kinatakiwa kitu kinachonata. Bamia! Nimeshabandika chungu. Tahiya kuona tu, kachukua kitabu, kakimbilia kwa Bi Riyama kusoma. Naam, dawa inafanya kazi hata kabla ya kuiva.