Gesi ya Meli Katika Friza ya Migebuka

Jumatatu, 9 Juni
Redio imesema meli kubwa zinaacha mafuta mazito. Zinatumia gesi iliyopoozwa mpaka ikawa maji. Moshi kidogo, maji safi. Uji umenipoa mkononi. Boti za kule Karema zinafukiza ziwa zima, hasa ya jirani yangu Nestori, na mwenye dawa ni mimi. Nimemweleza mke wangu, Monika. Akasema basi nisiguse friza yake. Ina migebuka, samaki wa kipaimara cha Jumapili. Parokia ikiridhika, atapikia sherehe zote za mwaka.
Sikuwa nimeifikiria friza. Wazo zuri.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda Kabungu, kwa mzee Ng'washi. Ng'ombe wengi, na mtambo wa gesi ya samadi anayopikia. Nikaomba anijazie tyubu ya trekta. Akauliza kama nina trekta. Nikasema nina meli, ila bado sijainunua. Akanijazia bure, na maziwa ya mgando juu. Wasukuma waungwana sana.

Alhamisi, 12 Juni
Monika kaenda kwaya. Tyubu nimeikunja, nikailaza juu ya migebuka. Jioni imenywea. Inageuka maji! Nestori akachungulia, akasema inavuja. Wivu tu. Yeye anajua petroli.

Ijumaa, 13 Juni
Monika kafungua friza. Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kipimbwe cha kwao. Samaki wote wananuka zizi. Kisha akakaa kwenye kigoda akalia, nami nikaumia kweli. Nikamwambia harufu ni ya muda. Akasema na ndoa pia.

Jumamosi, 14 Juni
Monika kawaosha samaki kwa ndimu, tangawizi na chumvi. Mkaa hakuna. Kanituma Kabungu na tyubu, safari hii ina kiraka. Kaiunga kwenye jiko la gesi. Moto wa bluu, moshi hakuna. Kakaanga mpaka jioni, mwishoni akaimba.

Jumapili, 15 Juni
Wamelamba vidole. Sherehe zote za mwaka kapewa Monika! Nimefurahi mpaka nimemsaidia kuosha sufuria. Akina mama wa hapa kwetu Shanwe wanataka moto ule, na Monika anasema niwauzie mimi. Gesi ya jikoni! Watu hawaoni mbali.
Kosa nimeligundua: friza ilikuwa ndogo. Bucha la Kasimiri lina chumba kizima cha baridi. Nimemwendea. Ana nyama ya harusi mle, kasema nisiiguse.
Sitaigusa. Tyubu itakaa juu yake.