Doti Ishirini za Likwata

Mtu wa kumwingiza mjini Likwata, kwa maneno yake mwenyewe, mama yake alikuwa bado hajaposwa. Alitamba hivyo stendi ya Lindi, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, miwani ya jua usoni na hali mawingu yametanda, na wavivu wenzake wakaitikia kama maamuma.

Ulikuwa mwaka ule khanga zimeadimika, doti moja kwenye duka la ushirika unaipangia foleni tangu alfajiri. Ndipo Likwata akamsikia Skolastika.

Binti huyu wa Kimakonde alikuwa mwitikiaji wa bendi moja ya mjini, miaka mitatu anaitikia nyuma ya wanaume wasiojua kuimba. Sasa kaacha bendi. Anataka kuimba peke yake, jazi na soul, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, ya kumfanya hata mwenye ndoa njema ajione kaachwa. Lakini santuri zinarekodiwa Dar, naye hana nauli wala gauni la jukwaani.

Likwata akajitambulisha kuwa katumwa na watu wa santuri. Akamwambia aandae dansi la kuaga, Jumapili mchana, mengine amwachie yeye. Kisha akazunguka mji akinong'ona kwamba wimbo wa kwanza utataja majina: atakayemtunza Skolastika doti moja, jina lake litasikika redioni kutoka Lindi mpaka Bukoba.

Binadamu mpe ugali, atashiba. Mpe jina lake redioni, hashibi. Mwenye duka alitoa doti aliyoificha chini ya kaunta huku akiwaapia wateja kwamba hana. Karani mmoja akatoa ya mkewe. Hata kijana mmoja msomi wa sekondari, jina limenitoka, alitoa. Kufika Ijumaa, sanduku la bati la Likwata lilikuwa na doti ishirini. Mpango wake ulikuwa mfupi: alifiche nyuma ya jukwaa, wimbo ukinoga atoke nalo mlango wa nyuma, adandie lori la korosho la saa kumi kwenda Dar. Skolastika abaki na wenye majina.

Asichojua ni kwamba Jumamosi Bi Mboni, muuza vitumbua, alimsimamisha Skolastika njiani na kumuuliza kama doti yake ilimfika.

"Doti gani, mama?"

Bi Mboni akamweleza, na waliotoa akamtajia wote ishirini. Skolastika akacheka, akanunua vitumbua viwili, akaenda zake.

Jumapili aliyaimba majina yote, moja moja, kila mwenye lake akivimba kama andazi. Likwata, mkono tayari kwenye sanduku, akasikia la ishirini na moja ni lake. Akashindwa kujizuia; akachungulia apigiwe makofi.

"Na kaka Likwata," Skolastika akaimba, "kanitunza sanduku zima, doti ishirini."

Na kwetu, tuzo ikishatajwa na mwimbaji mbele za watu, hairudi. Akina mama wakapiga vigelegele, wakalivuta sanduku, wakamfunika Skolastika mabega kwa khanga. Likwata afanyeje? Aseme ni zake, kazipata wapi? Aseme ni za watu? Watu wenyewe ndio hao, wanampa mkono wa pongezi.

Saa kumi lori likaondoka na Skolastika. Sanduku alilipakia Likwata mwenyewe, kwani watu walisema mtoaji humsindikiza mpewa. Mwaka uliofuata sauti ile ilitoka redioni kweli. Wimbo haukutaja jina hata moja.

Wajinga wale ishirini nawacheka mpaka leo. Namshukuru Mungu, mimi sikuwepo.

"Hukuwepo?" Bi Mboni kainua uso kutoka kwenye karai la vitumbua, kumbe muda wote alikuwa anasikiliza. "Basi jina la kumi na nne lilikuwa la Fakihi yupi kama si wewe, aliyepanda juu ya benchi kujipungia mkono? Shangazi yako Tawakali mpaka kesho anaamini khanga yake ililiwa na mbuzi. Mbuzi wa watu akachinjwa kwa kesi hiyo, mwanangu, na maini ukala wewe."