Mwanangu Kachezea Unguja

Jumapili, 1 Juni

Tumefungwa. Thelathini na nne kwa sita. Hata hiyo sita tumeonewa huruma.

Kwa faida ya atakayesoma haya nikishakufa: kila mwaka, hapa London, Unguja na Pemba tunacheza raga mara tatu. Raga ya watu kumi na watatu. Aliyetuletea balaa hii ni shemegi yangu Muhsin, kaka wa mke wangu. Alikaa Australia, akaona jimbo la Queensland na la New South Wales wanavyotoana roho kila mwaka, na sheria yao: huchezei unakoishi, unachezea kwenu. Akarudi na wazo. Sisi tuliotoka visiwani wadogo, tukatawanyika Wembley na Ilford, nasi tuwe na kwetu, japo uwanjani.

Yeye kocha wa Unguja. Mie, Abdulsamad, mzaliwa wa Wete, kocha wa Pemba. Raga sijacheza hata siku moja. Lakini kazi yangu ni kusimama mlangoni pa uwanja mkubwa wa Wembley na koti la kung'aa. Michezo yote inapita mbele yangu.

Mwanangu Haroub hakucheza. Mtu mzima, kifua kama kabati, amekaa benchi na chupa ya maji. Nafasi yake nimempa mpwa wa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kijana anakimbia kama amebeba trei ya chai! Ila mwenyekiti ndiye anayechagua kocha. Haroub ataelewa.

Muhsin alinipa mkono mbele za watu, akaniambia pole. Pole! Shemegi hana haya.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata dawa. Inaitwa Gires.

Tunafanya naye kazi mlangoni. Mkongo wa Bukavu. Akisimama kwenye lango, lango halionekani. Aliwahi kucheza raga Ufaransa. Nimemweleza, kwa upole, kwamba ana bibi mzaa mama aliyetoka Chake Chake, akafuatana na wafanyabiashara mpaka Kongo. Alishangaa sana. Alisema mamake hakuwahi kumwambia. Nikamjibu wazee wetu walikuwa wasiri.

Nilitaka awe anaitwa Gharib. Alikataa katakata, yeye ni mwimbaji wa kwaya. Basi. Atakuwa Mpemba mwenye jina la Kifaransa.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Muhsin amekuja kula na koti jipya. Katikati ya biriani akamuuliza Haroub, kama mtu anayeomba achari, iwapo anajua kwamba sheria inamruhusu mchezaji kuchezea kwao baba au kwao mama. Na mama ni dadake. Na dadake ni Muunguja.

Nikasema kwa sauti kwamba mwanangu ni Mpemba mpaka kwenye unyayo. Haroub alitazama sahani. Kiswahili anakisikia chote, kujibu anajibu Kiingereza. Akasema yeye anataka kucheza tu. Nikamwahidi, mbele ya wote, mechi ya pili atacheza. Mke wangu, Time, aliniangalia mpaka nikaongeza wallahi.

Jumapili, 15 Juni

Ushindi! Ishirini na nne kwa kumi na nane! Gires aliubeba mpira na Waunguja wanne mgongoni kama mtu anayetoka sokoni. Nililia. Muhsin alitafuna kamba ya filimbi yake.

Haroub hakuingia. Mwanzo matokeo yalikuwa yamebana, sikuweza kubahatisha. Mwisho yakaachia, lakini mwenyekiti alishatoa simu ampige picha mpwa wake. Ningefanyaje? Nilipogeuka kumpa Haroub ishara ya subira, benchi tupu. Kaondoka na basi.

Sasa kila upande umeshinda mechi moja. Hana furaha na ushindi wa kwao, kijana huyu.

Jumatano, 18 Juni

Kijicho ni maradhi. Muhsin amepeleka malalamiko kwa refa.

Refa wetu ni Jaswant, Singasinga mwenye duka la mabomba Kenton, mzaliwa wa Kisumu. Tulimchagua kwa sababu hana kisiwa. Alimkaribisha Gires kiti, akampa chai, akamwuliza swali moja: Pemba iko wapi?

Nilikohoa. Nilikohoa tena. Gires akafikiri kwa dhati, akasema ni upande wa Zambia.

Kisha akaweka mkono kifuani. "Baba Samadi aliniambia kama koko yangu, bibi yangu, alitoka Pemba. Miye nilisadiki. Kama ni uongo, Mungu anisamehe."

Jaswant alicheka mpaka akashika kaunta. Uamuzi: ushindi wetu unabaki, maana Muhsin alichelewa kulalamika. Gires hachezi tena. Na Gires hataki tena kusimama lango moja nami. Kaomba ahamishwe upande wa pili wa uwanja. Watu hawana shukurani. Nilimpa bibi bure!

Alhamisi, 19 Juni

Nimeipata habari jikoni, kwa mke wangu, si kwa mwenyewe. Haroub amechagua Unguja.

Nilimwuliza Time kama anajua maana ya usaliti. Akaendelea kukunja nguo. "Miaka mitatu umemkalisha benchi, Abdulsamad. Panda juu, kazungumze na mwanao."

Nilipanda. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Anafunga bendeji goti, polepole, peke yake. Nilisimama. Nikashuka.

Mtu huzungumza na adui akiwa na silaha. Nitatafuta silaha.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeipata! Time hakuzaliwa Unguja! Mamake alirudi kwao Tumbatu kujifungua, na Tumbatu, ingawa iko ubavuni mwa Unguja, ni kisiwa peke yake, na bahari yake kati. Basi mama si Muunguja, mtoto hana haki. Nilikwenda Kenton mbio mbio.

Jaswant alinisikiliza akipanga koki kwenye rafu. "Bwana Samad, mimi nilizaliwa Kisumu, baba yangu Punjab, nakaa Kenton. Ukianza kupima watu hivyo, hatabaki wa kucheza." Nikashikilia sheria ni sheria. Akasema basi tumwulize mwenye kuzaliwa. Akampigia Time, simu akaiweka wazi, wateja wote wakasogea.

Time akamwambia Jaswant asijisumbue, atanijibu nyumbani. Pingamizi limetupwa.

Nyumbani alikuwa amesimama, hajavua koti.

"Nyumba yetu serikali ya kule ilichukua, nikanyamaza. Pasipoti wakachukua, nikanyamaza. Miaka yote hii Waingereza wananiuliza natoka wapi hasa. Leo ndio wewe wa kuniambia mie sina kwetu? Kwa ajili ya mpira?"

Nikamweleza si mpira tu, ni mfululizo wa mechi tatu.

Nimekula maharage ya kopo. Sijui kwa nini naandika kwamba hayakuwa na moto.

Jumapili, 29 Juni

Mechi ya mwisho. Mvua. Time, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani tangu tuanze, alikuja na mwavuli na kiti chake. Akakiweka upande wa Unguja.

Mpaka dakika za mwisho tulikuwa sawa kwa sawa. Haroub akapewa mpira pembeni. Mbele yake mpwa wa mwenyekiti. Kumpita? Hakumpita. Alimpitia juu, kama mtu anayepanda ngazi. Watu wangu wawili wakamrukia miguuni, akawaburura, akauweka mpira chini nyuma ya goli letu, kwenye pembe kabisa, na hilo ndilo bao. Unguja wameshinda. Time alitupa mwavuli.

Nafsi yangu ya ndani ilipiga ukelele. Nikaikaba.

Alinijia mwenyewe. Tope mpaka kwenye nyusi, anahema. Akanyoosha mkono. Na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chetu, ambacho sijakisikia kinywani mwake tangu anaanza skuli:

"Baba, umeniona?"

Watu walikuwa wanatazama. Muhsin anatazama. Mwenyekiti anatazama.

Nikamwambia mguu wake ulitoka nje ya mstari.

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha akaufuta kwenye kaptura. Akarudi kwa wenzake.

Mguu haukutoka. Nilikuwa karibu kuliko refa.

Jumanne, 1 Julai

Haroub amehamia Ilford, kwa mjomba wake Muhsin. Alichukua begi moja. Leo Time kampelekea chakula kwa treni, sufuria mbili, na mie kaniachia kiporo. Mwenyekiti naye amenivua ukocha. Aliyewekwa ni mpwa wake, mwenye mkono kwenye bendeji. Sikuambiwa hata ahsante.

Alhamisi, 3 Julai

Habari kubwa! Kumbe kwenye mechi ile alikuwepo mtu wa klabu ya kweli, ya ligi. Wamemwita Haroub akajaribiwe Jumamosi. Jana alinipigia simu mwenyewe kunieleza. Sauti ndogo. Akasema kama nina nafasi, nije nitazame. Nitazame tu.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mwanangu kaniita! Baba mwingine angekwenda, akasimama pembeni, akapiga makofi. Si mie. Nimekwisha kumkosea kwa kutomshughulikia vya kutosha.

Basi asubuhi hii nimeipata namba ya klabu. Nimezungumza na kocha wao, mtu mkali kidogo. Nimejitambulisha kama wakala wake na mwalimu wake wa tangu utotoni. Nimemweleza kwamba Haroub hafiki Jumamosi mpaka tukubaliane kwanza cheo changu mimi. Kocha msaidizi, si chini ya hapo. Akasema amenielewa, asante, na simu ikakatika. Bila shaka anakwenda kushauriana na wakubwa wake.

Haroub bado hajui. Atafurahi sana.