Mshale wa Sanduku la Harambee

Ilikuwa mwaka wa 1996, mwezi wa Oktoba, majira ya bonasi ya chai, wakati ambapo kila mkulima wa Litein hununua blanketi, hugombana na mkewe, kisha huitwa kwenye harambee. Mwaka huo upepo ulikuwa umeng'oa paa la darasa la chekechea la kanisa. Watoto walisomea jikoni, wakiimba herufi na kukohoa moshi. Mwalimu wao, Mama Rebeccah, alikuwa amewaahidi mabati kabla ya Krismasi.

Gibson Kipkemoi, fundi wa redio na wa mambo mengine yasiyoandikwa kwenye kibao chake, alisikia habari hiyo akiwa kwa kinyozi. Aliondoka akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Mama, watu wa siku hizi hawatoi mpaka waone," alimwambia Rebeccah. "Nitakutengenezea sanduku lenye mshale. Mchango ukiingia, mshale unapanda. Nani atakubali kushindwa na jirani yake mbele ya mshale?"

"Na wewe utapata nini?"

"Baraka, Mama."

Mama Rebeccah ndiye aliyemfundisha Gibson kusoma, na alimjua. "Lete sanduku," alisema. "Habari ya baraka tutaiona baadaye."

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, kama mipango yote inayomfikisha mtu kituo cha polisi. Ndani ya sanduku kungening'inia kikapu kwenye springi. Kikapu kikishuka kwa uzito, chombo fulani kingepima kimeshuka kiasi gani na kuusukuma mshale. Sarafu ni nzito. Noti hazina uzito wa kutajwa. Kwa hiyo Gibson, akisimama nyuma ya sanduku kuangalia betri, angefungua mlango mdogo na kuchota bahasha za noti, na mshale ungebaki palepale, ukimtolea ushahidi kwamba ni mtu mwema.

Kilichomsumbua ni kuchagua chombo chenyewe. Alifunga uzi kwenye volyumu ya kuzungusha, ile ya kuongezea sauti ya redio, uzi uliteleza. Alisikia kwamba Nairobi kuna vyombo vinavyopima kwa sumaku, lakini kwa bei ile angelazimika kuiba harambee mbili. Mwishowe aliamua kutumia volyumu ya kusukuma, ile inayopanda na kushuka katika mfereji wake mbele ya redio kaseti kubwa. Akaenda sokoni kwa Marcella, mama kutoka Kisii aliyeuza vipuri vya redio zilizokufa.

"Hii ya besi ni shilingi hamsini," alisema Marcella. "Inapanda sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Hii ya sauti ni thelathini, lakini kwa kazi ya kupima haifai. Chini inalala. Ikifika juu, inaruka kama mbuzi."

"Mama Marcella, hizi ni mapacha."

"Hata kwa mapacha, mmoja hukojoa kitandani."

"Unataka tu ishirini yangu ya ziada."

"Naitaka, ndiyo. Na bado nakuambia ukweli."

Gibson alicheka. Ukweli wa namna hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameuza miaka mingi, na aliujua kwa harufu. Alichukua ile ya thelathini, akalipa kumi. "Ishirini utapata Jumatatu," alisema, bila kufafanua Jumatatu ya mwaka gani.

Nyumbani alilijaribu sanduku kwa sarafu chache na bahasha. Alipozitoa bahasha, mshale haukutikisika. "Gibson, wewe ni hatari," alijiambia kwenye kioo. "Ungefaulu hesabu, ungekuwa waziri." Alipaswa kulijaribu kikapu kikiwa kimejaa, lakini hakuwa na sarafu za kukijaza. Mwizi maskini ana shida ambazo sisi wengine hatuzifikirii.

Jumamosi sanduku liliwekwa mbele ya kanisa. Gibson alikuwa amechora nyumba nyuma ya mshale: chini msingi, katikati madirisha, juu paa. Mgeni wa heshima, Mzee Kiplangat, mwenye malori na tamaa ya udiwani, alitumbukiza bahasha nene yenye jina lake. Mshale ulikaa kimya kwenye msingi. Kisha bibi mmoja akafungua leso na kumwaga sarafu, na mshale ukajongea.

"Bibi amemshinda mheshimiwa!" mtu alipaza sauti.

Kiplangat alimtuma dereva dukani abadilishe noti ziwe sarafu. Waliobaki nao wakakimbilia dukani. Sisi watu wa Litein hatupendi majivuno, ila tukiwa mbele ya mshale. Sarafu zilimiminika. Mshale ulijivuta hadi kwenye madirisha, na kutoka hapo, kila konzi iliurusha juu kwa furaha ya ajabu, hadi ukagusa paa. Kwaya ililipuka kwa wimbo.

Huo ndio wakati Gibson alipoufungua mlango mdogo na kuzisukuma bahasha zote ndani ya koti.

Mshale ulianguka hadi kwenye madirisha. Kwaya ilinyamaza katikati ya neno.

"Gibson!" aliita Kiplangat. "Nimetoa paa, naona madirisha. Paa langu limekwenda wapi?"

"Ni betri, mheshimiwa. Imechoka."

"Si betri," alisema Marcella kutoka benchi la akina mama. "Ni volyumu ya sauti. Nilimwambia huko juu inaruka. Lakini hairuki kushuka mpaka kitu kitoke."

Gibson alitazama lango. Madereva wawili wa Kiplangat walikuwa wameliegemea.

Mama Rebeccah alisimama. Angeweza kuomba koti lipekuliwe. "Ndugu zangu," alisema, "sote tumetoa isipokuwa fundi wetu. Nadhani alikuwa anangoja zamu yake. Gibson, njoo mbele, utuinulie paa."

Gibson alikuja, koti likichakarika. Alitumbukiza bahasha ya kwanza, na akina mama wakapiga vigelegele. Akatumbukiza ya pili, ya tatu. Hakuna aliyewahi kutoa hivyo pale Litein. Bahasha yenye jina la Kiplangat ilipopita, mwenyewe aliitazama ikiingia mara ya pili, akapiga makofi kwa shida.

Bahasha zilikwisha. Mshale ulikuwa chini kidogo ya paa.

"Bado," alisema Mama Rebeccah.

"Mama, ni chombo tu. Kinakwama kikipanda."

"Nani alikichagua?"

"Mjinga mmoja, Mama. Namjua vizuri sana."

"Basi mwambie aongeze."

Gibson aliongeza sarafu zake zote, kisha bisibisi, kisha saa yake ya mkononi. Saa ilipoanguka kikapuni, volyumu ilijinasua na mshale ukaruka juu ya paa. Watoto wa chekechea walishangilia kuliko wote.

Langoni madereva walimpisha, lakini Marcella alikuwa amesimama katikati, kiganja wazi.

"Leo ni Jumamosi, Mama Marcella."

"Naona Jumatatu imewahi."

Gibson aliinama, akavua kiatu, akatoa noti ya shilingi ishirini aliyokuwa ameificha chini ya soli, akaikunjua vizuri na kumlipa.