Yah: Ombi la Kukipoza Kikao cha Ukoo Kabla Hakijanijadili Tena

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo, ambaye kwa bahati nisiyoweza kuikwepa ni Baba yangu Mdogo,

Shikamoo.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu kikao cha Jumapili ile. Si makelele ya watoto uani, wala mlio wa viti vya plastiki mlivyokuwa mkiviburuta. Ni msonyo wako. Ulikuwa mrefu, msonyo wa mtu mwenye mapafu mazima. Ulianza nilipotamka neno vumbi, ukaisha baba alipoinamisha kichwa. Nimesonywa mara nyingi maishani, na mara nyingine nilistahili. Wa kwako, Baba Mdogo, uligongwa kama muhuri.

Nakuandikia kwa adabu zote nikuletee malalamiko yangu na, mwishoni, ombi moja la kiufundi. Kwa kuwa wewe ni muuza friji anayejulikana mji mzima, naamini ombi hilo halitakupa shida kulielewa.

1. Nalalamikia mapokezi ya ramani yangu. Mliniita nieleze kazi niliyopata, nami nikaunganisha kompyuta na televisheni yako kubwa nikawaonyesha: ramani ya vumbi baridi la galaksi yetu, iliyopatikana kwa darubini inayoelea angani, nje kabisa ya hewa tunayovuta. Chembe za vumbi hilo ni ndogo kama za moshi. Huziba nuru ya nyota, na ndiyo maana kwa macho tunaona mabaka meusi tu. Lakini lina joto kidogo, kidogo mno, na darubini hiyo imetengenezwa kuliona joto hilo. Nilitaka muone nyuzi. Vumbi lile halikumwagika ovyo. Limejipanga nyuzi nyuzi, na pale uzi unapokaza ndipo nyota zinapozaliwa. Mara ya kwanza kuziona niligeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.

Nilikuwa sijafika kwenye nyuzi Mama Mdogo alipoinuka na kitambaa kibichi, akaanza kuipangusa galaksi. Ilipogoma kutoka, ukasema, "Hiyo skrini imekwisha, hebu mwiteni fundi." Fundi akaja. Akabonyeza rimoti, akapunguza hiki, akaongeza kile, mpaka mawingu yote ya vumbi yakazama kwenye weusi vikabaki vitone vichache vinavyong'aa. Mkampigia makofi. Shangazi akasema, "Eeh, sasa ndiyo tunaona!" Mliona kila kitu isipokuwa kile nilichosimama mbele yenu kuwaonyesha.

2. Nalalamikia swali la Shangazi, aliyetaka kujua kama huko kwenye vumbi kuna wanaume. Nilijibu kwamba kazini wapo. Akauliza kama wameoa. Swali hili liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao; maelezo yangu kuhusu kuzaliwa kwa nyota hayakuandikwa.

3. Nalalamikia bango. Kabla kikao hakijafungwa ulitutoa wote nje, ukatupanga kando ya barabara, ukatuonyesha duka lako la pili. Juu ya mlango palikuwa pameshaandikwa kwa herufi nyekundu: DADA DOKTA FRIJI NA MAJOKOFU. Mimi si daktari. Shahada yangu ni ya fizikia, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kama nataka kusimamia duka. Nilipouliza nani alikubali, ulinijibu mbele ya wapita njia, "Mwanangu, rangi imeshakauka, sasa unataka tufanyeje?" Nimesoma vitabu vizito vya mantiki na sijakutana na hoja isiyojibika kama hiyo.

4. Nalalamikia, kwa uchungu zaidi, kilichompata baba yangu. Ni kaka yako, tena mkubwa kwako, lakini cherehani yake imewekwa kwenye baraza ya duka lako, kwa hiyo siku hizi ukubwa umehamia kwako. Alikuwa ameniahidi atasema neno. Akafungua kinywa, ukamtazama, akasema chai imepoa. Hilo ndilo neno alilosema.

Sasa naomba unisikilize kama mtu wa majokofu.

Darubini inayotafuta vumbi baridi lazima yenyewe iwe baridi kuliko vumbi hilo. La sivyo itang'aa kwa joto lake, na kila inakogeuka itajiona yenyewe. Kwa sababu hiyo hupozwa kwa heliamu, gesi iliyogeuzwa kuwa majimaji, mpaka ikaribie ile baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine. Hapo tu ndipo inaweza kuona kitu ambacho si yenyewe.

Linganisha na kikao. Mama Mdogo alitazama ramani akaona usafi wake. Shangazi, aliyeolewa mapema na hajawahi kutusamehe tuliochelewa, akaona harusi. Wewe uliona duka. Wote mlikuwa na joto, na kila mmoja alijiona mwenyewe akasema ameniona mimi. Hili si kosa la kimaadili. Ni kosa la kifundi, na lina tiba.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kunijadili tena, kila mjumbe awekwe kwenye jokofu lako mojawapo mpaka maoni yake yapoe. Shangazi apewe lile la mlango wa kioo, maana hapendi kupitwa na jambo. Mwenyekiti atangulie, kwa kuwa ndiye mwenye joto kubwa na ndiye mwenye funguo.

Pili, ikithibitika kwamba majokofu yako hayatoshi (nayo hayatoshi; yanagandisha nyama, hayawezi kugandisha uhakika wa mtu), basi kikao kizima kipelekwe angani, mbali kuliko mwezi, kikae nyuma ya mwavuli mkubwa kikiwa kimeligeuzia jua mgongo, kama darubini zenyewe zinavyokaa. Huko hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna sauti. Utasonya mpaka uchoke.

Tatu, kikishapoa hivyo kikae kimya kinitazame, muda wowote kitakaohitaji, mpaka mjumbe mmoja, hata mmoja tu, aone uzi.

Najua utasema gharama. Hilo nakuachia wewe, kwa kuwa hukushindwa na gharama ya bango.

Hata hivyo, kikao kisihangaike kupanga tarehe. Nimeshaondoka. Asubuhi ile mliyodhani nimekwenda kuchagua vigae vya duka, nilipanda gari na begi moja, na kazi nimeshaianza. Chumba chetu kina mapazia mazito na meza zilizotazamana na ukuta, na watu wake hawasemi ovyo. Nimepewa kipande cha anga cha upana wa ngumi ukinyoosha mkono. Chombo chenyewe huacha michirizi yake kwenye picha, na kazi yangu ni kuiondoa michirizi hiyo ili libaki vumbi peke yake. Kosa kubwa kuliko yote hapa ni kufuta uzi wa kweli ukidhani ni dosari. Msimamizi wangu, mama mmoja asiyecheka, ameniuliza nimejifunza wapi kuogopa kufuta kiasi hiki. Nikamwambia, nyumbani.

Bango unaweza kulifuta au kuliacha. Ukiliacha, tafuta dada mwingine wa kuliitikia.

Nisalimie Mama Mdogo pamoja na kitambaa chake. Msalimie Shangazi, umwambie wameoa wote. Msalimie fundi wa televisheni, ambaye simlaumu. Alifanya alichoagizwa, tena vizuri. Watoto wa uani wote wasalimie. Baba msalimie akiwa peke yake, cherehani ikiwa imesimama, na usimtazame anapojibu.

Ni mimi, katika ubaridi wa kutosha,

Binti wa kaka yako
(si Dokta)

Nyongeza: Karani wa hapa aliniuliza, nikipatwa na jambo, nani apigiwe simu kwanza. Nilitaka kumtaja baba, lakini baba angelia kwanza ndipo aulize. Nikajiuliza, kati ya watu wote ninaowajua, ni nani angefunga duka mchana kweupe akaja na gari la kwanza, anagomba njia nzima, hata kabla hajaambiwa ni jambo gani. Nimeshakutaja wewe, Baba Mdogo, na karani ameshaandika. Tafadhali usizime simu.