Taarifa ya Kumpata Mhandisi wa Ghorofa Nne

Kwa heshima na taadhima, ninautangazia umma wa Garissa na vitongoji vyake kwamba shughuli ya kumteua mhandisi wa miundo wa jengo jipya la ghorofa nne la Bodi ya Ustawi wa Soko la Maziwa imekamilika kwa ufanisi mkubwa, na kwamba jengo lenyewe halina ghorofa hata moja. Anayeona mgongano kati ya mambo hayo mawili hajawahi kufanya kazi katika ofisi ya umma, na kwa faida yake nitaeleza mambo yalivyokwenda.

Mimi ni Shuaib Ogle, Katibu wa Bodi, na kwa cheo hicho Katibu wa Kamati ya Uteuzi wa Mhandisi. Kumbukumbu zote ninazo mimi. Nimeziandika kwa Kiswahili kwa sababu kanuni zetu zinataka hivyo, ingawa hakuna mjumbe aliyezaliwa nacho. Wajumbe wakikasirika hurudi kwenye Kisomali kwa kasi, nami huandika "mjadala uliendelea".

Wazo la ghorofa nne lilikuwa la Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Abdijabar Yarrow. Alirudi kutoka semina Nairobi akasema kwamba Bodi inayokaa chini haiwezi kuona mbali. Papo hapo akachora ramani nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Chini kabisa aliwaweka wauza maziwa. Juu yao masijala, halafu ukumbi, halafu chumba cha wageni, na ghorofa ya nne akajiweka yeye mwenyewe. Juu ya kichwa chake akachora tangi la maji. Nilipouliza tangi ni la lita ngapi, alisema za kutosha.

Kiwanja kipo mtaa wa Waberi. Zamani kilikuwa shimo la kuchimba changarawe, kisha kikawa mahali pa kutupa taka, kisha Bodi yetu ikalifukia shimo, ikasawazisha juu, tukapigwa picha. Kando yake walikaa wauza maziwa arobaini na mmoja, juani. Maziwa ya ngamia hufika na pikapu asubuhi na mapema kutoka malishoni, na kufikia saa tano jua limeshayaharibu. Kiongozi wao, Ramlo Abdullahi, mama wa makamo asiyependa kupaza sauti, alikuwa ameiomba Bodi kivuli kwa miaka sita. Paa tu, alisema. Bodi ililitafakari ombi hilo kwa kina, ikaamua kujenga ghorofa nne.

Sheria nayo inasema jengo kama hilo haliwezi kuanza bila sahihi ya mhandisi wa miundo, yaani mtaalamu anayepiga hesabu za msingi, nguzo na nondo ili jengo lisimame. Mwenyekiti aliona sheria hiyo ina dharau kidogo, kwa kuwa yeye alikuwa ameshaamua lisimame. Lakini ni mtu wa utaratibu. Aliunda kamati, na kamati ikaunda vigezo: unyenyekevu alama arobaini, mavazi alama thelathini, ufupi wa majibu alama ishirini, na zile kumi zilizobaki tukazipa uhandisi.

Waliojitokeza walikuwa wawili.

Wa kwanza, Mhandisi Mahamed Adow, alifika na gari lenye kiyoyozi. Siku hiyo joto lilikuwa kali, kwa hiyo alikikagua kiwanja akiwa ndani ya gari, na kioo hakukishusha. Wajumbe walivutiwa na wepesi wake wa kazi. Leseni, alisema, ilikuwa imebaki kwenye koti jingine. Mwenyekiti alimuuliza kama ardhi ile ingebeba ghorofa nne, akajibu kwamba ingebeba. Akamuuliza kuhusu tano, akajibu hakuna shida. Mwenyekiti, kwa kumpima tu, akataja sita, na mhandisi akasema sita zingependeza zaidi kwa mtu anayetazama kutoka kule daraja la kuingilia mjini. Katika kumbukumbu niliandika: mtaalamu mwenye upeo.

Wa pili alikuwa Mhandisi Istar Warsan, mzaliwa wa Modogashe, aliyewahi kusimamia ujenzi wa madarasa kule kambi ya wakimbizi ya Hagadera na wa minara ya matangi ya maji. Alikuja kwa bodaboda, viatu vimejaa vumbi, na vibarua wawili wakamfuata na sululu na majembe. Leseni aliiweka mezani kabla hajaulizwa, jambo ambalo kamati iliona ni kujitanguliza. Akaomba ripoti ya udongo. Tukamwambia ripoti hatuna, ila picha ya siku ya kusawazisha tunayo. Akaomba ramani. Aliisoma ile kadi pande zote mbili, kisha akauliza kwa adabu kama maharusi hawajambo.

Kisha akaanza kuchimba. Alichimba siku mbili, mahali patatu tofauti, huku kamati ikimtazama kutoka kwenye hema. Mita ya kwanza ilitoa changarawe yetu. Mita ya pili ikatoa mifuko ya nailoni, mikebe iliyopondeka na pembe za mbuzi. Wauza maziwa walikuwa wamesogea na madumu yao, wanachungulia shimoni. Mwenyekiti akamwita apande, akamuuliza anatafuta nini huko.

"Natafuta ardhi, adeer," Istar alisema, akimwita ami kwa heshima ya Kisomali. "Nimefika mita tatu na bado natoa ndala."

Alimuuliza Ramlo wao watakaa sehemu gani jengo likiisha. Ramlo akaonyesha kwa kidole pale pale palipochimbwa. Istar aliwatazama wale wanawake kwa muda, mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu. Kesho yake tukapokea barua yake ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba juu ya taka zile asingetia sahihi hata ghorofa moja. Taka zingebonyea, jengo lingelalia upande, nguzo zingepasuka, na walio chini wasingepata nafasi ya kutoka.

Mwenyekiti aliisoma barua ile mara mbili, akasema haina matumaini. Mhandisi Mahamed akapata alama tisini na nne. Istar akapata thelathini na moja, zikiwemo kumi za uhandisi, kwa kuwa sisi si watu wa kuonea. Mimi nilimpa alama zile zile walizompa wenzangu, kwani Katibu hana maoni.

Kilichobaki kilikuwa kupokea maoni ya umma. Kwa mujibu wa sheria, maoni hupokewa kabla ya uamuzi. Kwa mujibu wa ratiba yetu, yalipokewa wiki iliyofuata. Tuliweka viti kiwanjani, Mhandisi Mahamed akaketi meza kuu, kivulini, na Mwenyekiti akalitangaza jina lake. Watu wakapiga makofi ya kiasi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, kwa ile sauti ya mtu anayefunga mkutano, na Ramlo akasimama.

"Mimi sijasoma," alisema. "Kama injinia anasema nyumba iko sawa, basi iko sawa. Lakini sisi miguu yetu bado iko na nguvu, tunaweza kupanda ngazi na madumu. Tupeni sisi huko juu. Nyinyi wakubwa mkae chini, mtu akiwa na shida awapate haraka."

Mwenyekiti alitabasamu, akaniuliza kama hoja hiyo inakubalika kikanuni. Nilifungua kanuni zetu, ambazo hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma, na nikafurahi kukuta kifungu kinachosema ofisi za Bodi ziwe mahali ambapo kila mwananchi, hata asiyeweza kutembea, atazifikia bila taabu. Nilikisoma kwa sauti. Kama nilivyosema, Katibu hana maoni. Wanawake wote wakanyoosha mikono, na wafugaji waliosimama nyuma wakanyoosha yao. Nikahesabu, na hoja ikapita.

Ramlo hakuwa amekaa. Alimgeukia Mhandisi Mahamed, akamwomba kwa upole naye ajiunge na Bodi huko chini zege la ghorofa ya nne likishamwagwa, akae nasi hadi mvua za kwanza ziishe, ili watu wafurahi kumwona. Mhandisi akatazama ardhi iliyokuwa kati ya viatu vyake. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama. Akasema ana kazi Nairobi inayomngoja, simu yake ikaita, au akasema imeita, na gari lake likaondoka na vioo vikiwa juu.

Kamati ilikutana saa hiyo hiyo, kwa dharura. Mjumbe mmoja alieleza kwamba daktari alishamkataza vyumba vya chini. Mwingine aligundua kuwa majukumu yake, ukiyatazama vizuri, ni ya kuzunguka nje. Mimi nilikumbuka kwamba meza ya Katibu, ikishushwa chini, kwa mchoro ule wa kadi ingekuwa katikati kabisa, na nikahisi uzito mabegani, mahali hasa ambapo ghorofa nne na tangi la maji la lita za kutosha zingetua. Kila mmoja alikuwa anaona lile shimo na zile ndala. Nilijiuliza kwa nini sikuziona nilipokuwa nahesabu alama. Mjadala uliendelea.

Hatimaye Mwenyekiti aliniinamia sikioni, akauliza kama namba ya yule msichana bado ninayo. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu yangu tangu siku ya barua, bila azimio la kamati.

Tulipozipitia alama upya, ilibainika kwamba kulikuwa na kosa dogo la kujumlisha. Istar alikuwa amepata tisini na saba.

Alikuja tena na bodaboda. Hakutukumbusha lolote, na hilo lilituuma kuliko kama angetukumbusha. Alisema taka zote zitolewe, shimo lijazwe changarawe safi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha yeye achore msingi mpana wa zege na juu yake jengo moja refu, kuta nyepesi, paa la bati lenye kivuli kirefu mbele. Kwa ghorofa nne ingebidi kushuka chini sana, na wauza maziwa wangengoja miaka sita mingine. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho.

"Na ofisi ya Mwenyekiti, adeer, umeiweka wapi?" aliuliza, akimrudishia neno lile la heshima, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Chini," Istar alisema. "Kila mtu atakaa chini. Mimi mwenyewe nitakuja kukaa nanyi mvua ikinyesha."

Mwenyekiti akachukua kalamu, akatia sahihi.

Jengo lilikwisha kabla ya mvua. Zilipofika, zilinyesha siku tatu mfululizo, barabara za Waberi zikawa mto. Istar alikuja kama alivyoahidi, akazunguka ukuta mzima akiutazama, kisha akaketi kwenye dumu lililopinduliwa. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Wanawake arobaini na mmoja walikaa wakavu na maziwa yao yakabaki mazima hadi jioni. Ramlo alikivua kitambaa cha bega, akaufuta ukuta vumbi kidogo, kama mtu anavyomfuta mtoto uso.

Bodi ilipewa chumba cha arobaini na mbili, cha mwisho, baada ya wauza maziwa kukubali kusogeana. Mwenyekiti alihamia humo na bendera yake. Kwa kuwa hakuna ngazi, wananchi walianza kumfikia kama kanuni zinavyotaka, tangu asubuhi, wengine wakidhani anauza mtindi. Na kwa kuwa ni cha mwisho, chumba kile kiko karibu na mfereji wa maji ya kusafishia madumu. Mfereji uliziba, na kufikia wiki ya pili harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa imeingia hadi kwenye mafaili.

Mwenyekiti aliandika malalamiko rasmi kwa Bodi. Nilipoyapokea nililazimika kumjulisha kwamba, kikanuni, Mwenyekiti hawezi kusikiliza malalamiko yake mwenyewe, na kwamba kwa siku hiyo kiti hukaliwa na mwakilishi wa wauzaji. Ramlo akaja, akaketi kitini, akaweka dumu lake chini ya meza. Mwenyekiti alisimama mbele yake na kueleza shida yake kwa dakika ishirini, kwa hisia ambazo sikuwahi kuzisikia katika hotuba zake zote. Ramlo alimsikiliza bila kumkatiza. Alimmiminia kikombe cha maziwa, akamsogezea.

"Malalamiko yako imepokelewa," alisema. "Tutaunda kamati."

Ndipo Mheshimiwa Abdijabar Yarrow, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya utumishi wake, akaomba kamati isiundwe, aitwe tu mtu mwenye jembe. Nimeliingiza ombi hilo kwenye kumbukumbu kama lilivyotamkwa, kwa Kisomali, kwa sababu katika Kiswahili cha Bodi sikupata maneno yake.