Dalali Aliyemaliza Kazi kwa Siku Moja

Kwako Mwenyekiti wa Chama cha Madalali wa Mikopo ya Nyumba,

Pokea salamu za mwalimu mstaafu wa hesabu. Daktari ananihesabia miezi, si miaka, kwa hiyo nitasema kweli tupu.

Mwanangu na mkewe wanataka kununua nyumba. Wao hushinda kazini, mimi hushinda kitandani, basi wakanikabidhi kazi ya kulinganisha masharti ya madalali watatu wa mkopo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wa kwanza, ninayemwita Bwana Tai Nyekundu kwa tai anayovaa shingoni, ana riba kubwa na tabia nzuri. Nikiguna tu, kesho yake anarudi na karatasi mpya. Amenitengenezea hata bawaba ya dirisha. Huyu simlalamikii, apandishwe cheo.

2. Wa pili huficha ada zake chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Macho yangu yamechoka, hivyo hulazimika kunisomea mwenyewe. Akimaliza hunisomea na gazeti, mpaka matangazo ya vifo. Tunacheka sana.

3. Wa tatu ni binti asiye na huruma. Alikuja mara moja tu. Riba ndogo kuliko zote, haipandi, ada hakuna, ukurasa mmoja. Nilitafuta kosa kwa kalamu nyekundu, nikalikosa. "Babu, hapa hamna la kuuliza," akasema, akaenda zake. Sasa mimi nibaki na nani?

4. Kwa sababu yake, wiki ya tano hii nalalia karatasi yake chini ya godoro. Mkwe akiuliza, "Baba, bado tu?" namjibu hesabu haitaki haraka. Mwenye nyumba amesema Ijumaa atamuuzia mwingine. Mkwe ana mimba ya miezi minane, na humu ndani kitanda cha mtoto hakiingii mpaka changu kitoke. Lawama zote zimwendee binti huyo.

Naomba chama kipige marufuku masharti yanayoeleweka mara moja. Kila dalali arudi si chini ya mara sita, na akae.

Nisalimie wajumbe wote, mhasibu, na mlinzi wa getini.

Wako katika hesabu na maumivu ya mgongo,
Mwalimu

Tanbihi: Nilimwita mkwe anitafutie bahasha, nikampa na ile karatasi. Akaisoma, akaketi kitandani. Nikasubiri kufokewa. "Baba," akasema, "ile nyumba tuliipendea chumba cha chini, chenye dirisha la mtaani. Ulidhani ni cha nani?" Kesho wanasaini kwa binti. Futa yote niliyoandika. Ila yule wa pili mpe anwani mpya, aje na gazeti.